Mzee Aliyenipanda Kichwani

Watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, walimsifu mume wangu mpaka nikachoka. Kazi yake ilikuwa kung'oa visiki vya msitu ili chai ipandwe, na kisiki kilichowashinda wengine aliachiwa yeye. Wakasema nina bahati, hata pepo wanamwogopa bwana wangu.

Wanamwogopa wapi. Pepo wangu alikuja alivyotaka. Alikuwa mzee mkali, anatumia mdomo wangu kwa sauti nzito isiyo yangu. Kwetu ziwani pepo ni mgeni: akipanda, unavua kofia, unamuuliza shida yake, unampa. Mume wangu alikuwa mtu wa kanisa, hakutaka mganga wala ngoma, kwa hiyo kazi yote akajitwika mwenyewe. Nikianza kutetemeka alinikumbatia nisianguke motoni, kisha akapiga goti, goti lile lile la kanisani. "Karibu, mzee. Unataka nini?"

Mzee akitaka chai ya sukari, sukari inatafutwa hata kwa jirani. Mimi nikizinduka na kuomba maji, naambiwa, "Lala kwanza, Mama." Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji ndiye niliyezidi kuugua, na wivu juu yake. Jamani, nani humwonea wivu pepo wake mwenyewe?

Kisha mume wangu akaamua mtoto wetu apelekwe kwa nyanya yake ziwani, mzee asije akamdhuru. Mtoto mwenyewe ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Nilikataa, nikalia, nikamwambia kwamba mzee hajawahi hata kumgusa. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma: "Si wewe unayesema, Mama. Ni ugonjwa."

Asubuhi alimbeba mtoto begani, tayari kushuka Fort Ternan wakapande gari la moshi. Nilikuwa mzima kabisa, akili zangu zote ninazo. Nikajitupa chini mlangoni, nikatetemeka, nikatoa ile sauti nzito.

"Mtoto abaki na mama yake."

Kofia ikavuliwa pale pale. Akapiga goti, mtoto bado yuko begani. "Asante, mzee. Nimesikia."

Mtoto akabaki. Nilimpokea nikiwa pale chini, machozi ya hasira yananitoka, maana maneno hayo hayo nilikuwa nimemwambia mume wangu jana yake kwa sauti yangu mwenyewe.