Mtungi Uliojazwa Nusu

Watu wa Chaka wana mdomo. Mburu alipokuwa hai walimcheka kwamba anabatiza mitungi, wakimuuliza leo kabatiza wangapi. Alipokufa wakasema hayo maji yake hayakumsaidia kitu. Mimi Peterson, niliyekuwa nikimletea mitungi yenyewe kutoka kwa wauza vyuma wa Kerugoya, nilijua ukweli, na niliuficha.

Mburu alikuwa fundi wa kuchomelea. Mitungi mikubwa ya gesi ya hotelini, iliyoliwa na kutu hadi haiwezi kujazwa tena, aliigeuza kuwa majiko ya kuchomea nyama. Hakuwa na papara. Kila mtungi niliomshushia aliunusa kwanza, kama mama anayenusa maziwa ya jana. Akafungua vali yake uwanjani, mbali na moto wowote, akauacha wazi siku nzima. Kisha akaujaza maji mpaka yakamwagika mdomoni. Hapo tu ndipo aliposhika grinda ya kukatia chuma.

"Gesi haina adabu," alikuwa akiniambia. "Ukiiwachia nafasi, inakaa."

Mtungi mmoja ulimeza jerikani nne. Huku Chaka, na Kieni yote, ambako mfereji hufunguliwa Jumanne peke yake, hilo si jambo dogo.

Februari ya mwaka huu hata Jumanne zilipita kavu. Ngendo, mkewe, akawa anateka maji mtoni na kuyapandisha kwa punda wa kuazima. Asubuhi moja nilimkuta amechoka, anamfokea mumewe.

"Watu hawana maji ya kunywa, na wewe ati unanywesha chuma! Kwa hizo nne, si ungewacha hata mbili?"

Mburu alimpenda sana huyo mama. Alicheka, akarudisha jerikani mbili jikoni, akamimina zile nyingine mtungini. Kisha akanitazama.

"Leo nusu itatosha, Peterson."

Nilijua haitoshi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini nilikuwa na mzigo wa Nanyuki, na mimi ni nani nimfundishe Mburu kazi? Nikanyamaza, nikawasha pikapu.

Sikuwa nimefika Naro Moru simu ilipolia. Mtungi ulikuwa umelipuka mikononi mwake. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitalini Nyeri.

Siku ya mazishi Ngendo alinishika mkono, akanivuta kando.

"Peterson, ile mtungi ilikuwa imejaa?"

"Ilikuwa imejaa, mama."

Nilijiambia ni huruma. Huruma ilikuwepo, lakini nilikuwa pia najificha.

Uongo una miguu. Mwezi uliofuata nilimkuta fundi Duncan, baba wa watoto watatu, amepiga goti juu ya mtungi mkavu, grinda inanguruma. Nilimpigia kelele mpaka akazima.

"Maji ya nini?" akaniuliza. "Ya Mburu si ilikuwa imejaa hadi juu na bado ikamuua? Ni wewe ulisema."

Nikatazama huku na huku. Kwenye vibanda vyote hapakuwa na fundi hata mmoja aliyejaza maji. Nilimsihi Duncan asiguse kitu, nikaenda kwanza kwa Ngendo. Nisingemwacha aje kulisikia jambo hilo sokoni.

Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, maana kuketi sikuweza.

"Nusu?" akauliza.

"Nusu, mama. Na niliona, nikanyamaza. Nisamehe."

Aliketi juu ya gunia la makaa.

"Zile jerikani ingine nilimpikia nayo chai," akasema. "Alikunywa kikombe mbili ndio akaenda kukata. Akaniambia, ona sasa, leo tumekunywa chai kama watu."

Kisha akalia. Nimehudhuria mazishi mengi, lakini kilio cha namna ile sijapata kukisikia. Nilimlilia Mburu siku hiyo kuliko siku tuliyomzika.

Alipoweza kuzungumza tena, alijifuta uso kwa leso.

"Enda uwaambie hao mafundi, kabla mwingine hajakufa. Sema ni mimi nilimnyima maji."

Nilienda. Niliwaambia mtungi ulikuwa nusu, na kwamba mimi niliona nikanyamaza. Duncan aliinuka kwenda kutafuta jerikani. Jina la Ngendo sikulitaja.