Kakakuona wa Ipagala na babu yangu aliyepelekwa reli enzi za Mjerumani

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Vijana marahaba, nimeshaitikia kabla hamjasema.

Ninayoandika hapa si chai. Sikuwepo, maana Mjerumani aliondoka kabla baba yangu hajaota ndevu. Lakini nimeyasikia kwa babu na kwa bibi, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana.

Mimi ni Mgogo wa Dodoma, darasa la nne, na sijawahi kuona aibu. Zabibu zangu ndizo zilizosomesha watoto wangu mpaka vyuo. Kwa hiyo anayekuja kunisahihisha uandishi apite tu.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu. Kila jioni ananionyesha video za dinosaria kwenye simu, na napenda kuliko taarifa ya habari. Tangu nachunga ng'ombe nilikuwa mtu wa kusimama kumtazama kenge mpaka ng'ombe wanaingia shamba la watu, nachapwa, na kesho narudia.

Juzi kwenye hizo video akatokea kakakuona. Mjukuu akasema, "Babu, cheki huyu ndugu yake mamba."

Nikamwambia acha hiyo. Ana magamba ndiyo, lakini gamba lile ni kitu kilekile cha kucha zako. Anazaa na ananyonyesha. Na wataalamu wanasema ukoo wake uko karibu na simba na fisi, siyo mamba. Akashangaa nimejulia wapi.

Nimejulia kwa kufuatilia. Na nilianza kufuatilia kwa sababu ya babu.

Twende sasa.

Enzi hizo kwetu Kikuyu, hii ya hapa Dodoma, hakuna mji. Ni tembe zetu za paa bapa la udongo, zizi, mashamba ya uwele, basi. Upande wa Ipagala, ambako leo watu wanagombania viwanja, kulikuwa pori la miiba.

Reli ya Mjerumani ilikuwa inakuja kutoka Morogoro. Vijana wenye nguvu walikuwa wanachukuliwa kwenda kubeba mawe na kujenga tuta. Wengine walirudi, wengine hawakurudi.

Babu alikuwa kijana, ameoa karibuni, na bibi alikuwa na mimba ya kwanza. Hiyo mimba ndiyo baba yangu.

Mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa. Ardhi imekauka, watu wanatazama juu tu.

Sasa kulikuwa na Mjerumani mmoja amepiga hema karibu na kijiji. Kazi yake kukusanya wadudu na wanyama. Nyoka anamtia kwenye chupa ya pombe kali, ndege anamchuna, anapeleka kwao. Watu wakamwita Bwana Chupa. Babu alikuwa anamtafutia mijusi na vinyonga.

Bwana Chupa hakuwa mtu mbaya, babu alisisitiza hilo kila siku. Mkali, lakini akisema neno halirudi.

Akamwambia babu, "Wewe lete kakakuona, mimi naandika jina lako halipo reli. Hakuna kakakuona, unakwenda na wenzako."

Babu akazunguka pori mpaka viatu vya ngozi vikaisha. Mnyama yule si wa kutafutwa. Anatoka akitaka yeye.

Asubuhi moja, upande wa Ipagala, akamkuta kwenye kichuguu anachimbua mchwa. Kakakuona akajikunja kama mpira. Babu akamfunga kwenye shuka, akambeba begani kama mtoto wa mbuzi.

Hapa alifanya kosa. Badala ya kwenda moja kwa moja hemani, akapitia nyumbani kunywa maji.

Bibi akamuuliza, "Umebeba nini?"

"Kazi ya Mzungu."

"Fungua."

Akafungua. Bibi akaruka nyuma.

"Wewe mwanaume umechanganyikiwa? Huyu unampeleka kutiwa kwenye chupa?"

"Haingii kwenye chupa, ni mkubwa mno."

"Usinichekeshe!"

Babu akamwambia ukweli. "Nikimpeleka siendi reli. Ukijifungua nitakuwa hapa."

Kwa wasiojua, kwetu kakakuona hana mwenyewe. Akionekana anapelekwa mbele ya watu wote, anawekewa maji, nafaka na mkuki, anaachwa achague. Akienda kwenye mkuki, kuna vita au kifo. Akienda kwenye nafaka au maji, mwaka una heri. Kisha aliyemleta anamrudisha alikomtoa. Kumficha ni kuwanyima watu wote habari za mwaka wao, na mwaka wenyewe ndio ule wa ukame.

Wakuu, hakuna mtu aliyetaka babu abaki kuliko bibi. Mimba kubwa, mama yake yuko mbali Kibakwe, shamba halijaguswa.

Lakini alipanda juu ya paa la tembe, na tumbo lake lile, akapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Babu alikuwa akifika hapa anacheka peke yake. Anasema, "Nilivyomsikia tu, nikajua nimeshafika reli."

Watu wakajaa. Mtemi akaja na kigoda chake. Vikawekwa bakuli la maji, ungo wa uwele na mkuki. Mnyama akawekwa katikati, amejikunja.

Jua likapanda.

Mara akajikunjua taratibu. Pua kwanza, halafu kichwa. Akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani, akaanza kutembea hivyo hivyo. Babu alikuwa ananionyesha, mzee wa mvi anatembea uani ameinama, mikono kifuani, mpaka bibi anamwambia, "Kaa chini utaanguka, mzee wewe."

Mnyama akaupita mkuki. Akanusa uwele, akaacha. Akafika kwenye maji, akatoa ule ulimi wake mrefu, akanywa.

Kijiji kikalipuka.

Kumbe Bwana Chupa alikuwa amefika na askari wake mmoja, amesimama nyuma anatazama. Akamwita babu.

"Huyu wangu. Lete."

Babu akamjibu, "Bwana, asubuhi alikuwa wako. Sasa ni wa hawa wote."

Bwana Chupa akawatazama watu, akamtazama Mtemi. Akavua kofia, akachuchumaa karibu na mnyama, akamtazama kwa muda mrefu bila kumgusa. Kisha akanyanyuka.

"Haya. Kesho reli."

Neno lake halikurudi.

Babu akamrudisha kakakuona kwenye kichuguu chake, na kesho yake akaondoka na wenzake.

Mvua ilinyesha. Msiniulize kama mnyama ndiye aliyeileta, mimi sijui, labda ingekuja tu. Babu alikuwa anaipokea mgongoni huko kwenye tuta, amebeba mawe. Baba yangu alizaliwa babu hayupo. Aliporudi amekonda, vidole viwili vimepondwa na jiwe, mtoto anatembea tayari. Mtoto akamwona, akalia, akakimbilia nyuma ya mama yake.

Babu alikuwa anasimulia hilo pia, lakini hapo hachekeshi.

Nilipokuwa mkubwa, babu ameshafariki, nilimuuliza bibi kama alijuta kupanda lile paa. Alikuwa anachambua mboga ya mlenda. Hakuinua kichwa.

"Nililima peke yangu na mvua ile, mtoto mgongoni. Kila nikiinua jembe namtukana babu yako, namtukana na yule mnyama. Halafu tukavuna. Kijiji kizima tukala."

Akaendelea na mlenda wake.

Nilichojifunza ni hiki: wale wazee hawakujua habari za ukoo wa simba wala mamilioni ya miaka, lakini walijua kuna kiumbe ambaye mtu mmoja hana haki naye. Leo watu wanamuua wauze magamba, halafu wanajiita wasomi.

Nakumbuka sana jioni za uani kwetu. Ningetoa ekari ya zabibu nimwone yule mzee akitembea vile mara moja tena.

Haya, na nyie semeni. Kuna aliyewahi kumwona kakakuona hai, kwa macho yake, siyo kwenye simu? Wapi, na alikuwa anafanya nini? Mimi nimezaliwa huku, nimezeekea huku, sijamwona hata mmoja.