Kabureta ya Baba Mkwe

Mimi huuza spea za pikipiki Sultan Hamud. Nasema huuza, sisemi hutengeneza. Ukija dukani ukitaka cheni, plagi au kebo ya klachi, nitakushushia kutoka rafuni bila kuuliza mara mbili. Lakini ukiniambia nikufungie, nitakuonyesha vijana walio ng'ambo ya barabara, kisha nirudi kwenye kiti changu.

Tofauti hiyo wakwe zangu, kule karibu na Migwani, hawakuijua. Siku tulipopeleka mbuzi wa mahari, mjomba mmoja alisimama akanitambulisha kuwa fundi mkubwa wa pikipiki. Watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ningeweza kumsahihisha, lakini makofi ni matamu. Basi nikawa fundi katika boma lile, na kwa kuwa kwa miaka mingi hakuna aliyenipa kitu cha kutengeneza, uongo ule ulikaa salama.

Msomaji asiye Mkamba sharti nimweleze jambo moja. Sisi tuna kitu tunachokiita nthoni. Ni aibu na ni heshima, zote ndani ya chungu kimoja, na mahali kinapochemka zaidi ni kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Simtazami usoni. Hali chakula mbele yangu, wala mimi mbele yake. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye hutoka kwa wa nyuma, na salamu zetu hupitia kwa mke wangu hata kama kilichotutenga ni ukuta tu. Wahubiri husema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe ni mama wa kanisa asiyekosa Jumapili, ila wahubiri wakifika hapo kwenye nthoni, yeye huwa hawasikilizi. Katika ndoa yangu yote hakuwa amenisemesha hata neno moja.

Niliyekuwa nikizungumza naye ni baba mkwe. Alikuwa daktari wa ng'ombe, mtu wa mizaha, na alizunguka vijiji vya upande ule kwa pikipiki ya Kijapani iliyonunuliwa kabla mke wangu hajazaliwa. Kisha kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukafa na sauti ikaondoka kabisa. Hakusema, hakulia, hakuguna. Alishinda varandani akitazama uwanja, na chakula alikikataa zaidi kuliko alivyokikubali. Daktari wake alituambia tumtafutie kitu cha kumrudishia hamu, la sivyo tutampoteza tukiwa tunamtazama.

Siku moja tulipokwenda kumwona, aliinua mkono wa kushoto akauelekeza stoo. Ndani ya stoo mlikuwa na magunia matupu na ile pikipiki. Wote tukaelewa, na wote wakanitazama mimi. Kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni nikamsikia mama mkwe akimwambia mke wangu, "Mwambie mkwe, kama yeye ni fundi, aiwashe hiyo kitu. Pengine mzee akiisikia atarudi kidogo."

Mke wangu akanigeukia aniambie, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Hiyo ni kazi ndogo," nikajibu.

Kabureta niliikuta imejaa uchafu wa petroli iliyoozea humo, rangi ya asali, unaonata. Kitabu cha pikipiki kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya boriti, nami nikakishukuru mapema mno. Kilikuwa cha pikipiki za aina tatu kwa pamoja, na kilirukaruka kutoka moja hadi nyingine bila kukuaga. Kiingereza chake kilikuwa cha mtu aliyejifunza kwa kusikiliza kupitia ukuta. Kilikuambia ufungue kwa kufuata mchoro, na mchoro ukiutafuta, ulikuwa kurasa kadhaa mbele, wa kabureta nyingine, yenye skrubu mahali ambapo yangu ilikuwa na mdomo wa bomba. Mchwa nao walikuwa wamekula pembe za kurasa, na pembeni ndiko namba zilikokuwa zimeandikwa.

Nilizibua vijitundu kwa uzi mmoja wa waya niliouchomoa kwenye kebo ya breki. Hilo nilikuwa nimewaona vijana wa ng'ambo wakilifanya. Mambo yalikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye floti, kile kiboya kinachopanda petroli ikijaa na kufunga njia, sawa na cha tangi la choo. Kitabu kilitaka kijilimi cha floti kikunjwe mpaka kipimo kitimie. Nikatazama mchoro, nikakunja. Nikatazama tena, nikakunja zaidi. Jambo ambalo kitabu hakikusema, au kilisema pale walipokula mchwa, ni kwamba kabureta ya mchoroni ilikuwa imepinduliwa, miguu juu. Mimi niliichukua kwamba imesimama. Kila nilichokiita juu kilikuwa chini, na floti yangu haingefunga njia ya petroli hata ungeingoja mpaka mvua za Novemba.

Nilitoa pikipiki hadi uwanjani mbele ya varanda ili mzee aone. Mke wangu alisimama karibu naye. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta, ameinjika muthokoi kwenye mawe, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula changu mimi mkwe. Nikamimina petroli niliyokuja nayo kwenye chupa ya soda, nikafungua koki, nikapanda, nikaanza kupiga kiki.

Petroli ilianza kutiririka palepale. Niliiona, sitasema sikuiona. Ilikuwa inamwagika kwenye paja langu na kushuka hadi ndani ya kiatu. Lakini mzee alikuwa ananitazama, na mke wangu ananitazama, na fundi mkubwa haachi kazi kwa ajili ya kuloa. Nikapiga kiki tena. Uwanja ule una mteremko kidogo kuelekea jikoni.

Mama mkwe alinusa kabla hajaona. Akatokea kwenye kona ya ukuta, uso kwa uso na mimi, akaona suruali yangu imelowa kuanzia pajani na petroli ikichora njia kwenye vumbi kwenda kwenye moto wake. Akapindua sufuria nzima ya muthokoi juu ya moto. Mvuke ukapanda, lakini kaa moja lilikuwa limeruka kando likiwa bado jekundu.

"Vua," akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza mama mkwe wangu aliloniambia.

Sikuvua. Ninalolisema hapa ni la kweli: nilisimama na mkanda wangu mkononi, nikipima kati ya kuungua na kuvua, na kuungua kulionekana kuwa na heshima zaidi.

"Vua suruali, wewe! Unataka kumwacha mtoto wangu mjane?"

Nikavua. Ndani nilikuwa na bukta ambayo mke wangu alikuwa ameshaniambia niitupe, na tundu lake lilikuwa upande wa nyuma, upande ambao nilimgeuzia mama mkwe nikidhani namstahi. Alikanyaga lile kaa kwa sandali yake, akavua leso begani, akanirushia bila kutazama.

Hapo ndipo tulipoisikia sauti varandani. Tulidhani mzee anakabwa. Mke wangu akamshika kifua. Hakuwa anakabwa. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, machozi yanamtoka, bega linaruka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, akatulia, akaitazama tena ile leso ya maua kiunoni mwangu, akaanza upya. Jioni hiyo alikula bakuli zima la uji.

Nyumba ikashukuru Mungu. Mimi nilitafuta mahali pa kujificha nikakosa. Mama mkwe alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba, na kutoka huko akamwambia mke wangu, "Mwambie mkwe alete mbuzi." Ndivyo inavyosafishwa nthoni ikivunjwa. Mbuzi nikampeleka, akachinjwa, na kila mtu akasema yamekwisha. Kwangu hayakwisha. Nilikuwa nikikaa dukani, mteja ananiitisha floti, masikio yanawaka.

Nilirudi kumaliza ile kazi, maana kitabu nilikuwa nimekipindua na hatimaye kukielewa. Kijilimi nikakikunja ilivyotakiwa, pikipiki ikawaka, ikanguruma uwanjani kama zamani. Mzee aliisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akashusha macho kwenye suruali yangu, na bega likaanza kuruka.

Basi ikawa hivyo. Simu ilikuwa inakuja, mzee amekataa chakula, na mke wangu ananiambia tu, "Twende." Nilikuwa nikifika, nasimama pale varandani na suruali yangu, naye anacheka, kisha anakula. Nikigusa mkanda, alikuwa anacheka zaidi. Wengine hupeleka machungwa kwa mgonjwa. Mimi nilipeleka fedheha yangu, na kila mara ilikuwa mbichi. Nilikuwa natamani siku moja anitazame kama mwanamume mwenye duka.

Siku hiyo ilikuja mwezi uliopita. Tulipofika hakuwa varandani, alikuwa kitandani. Chumba cha kulala cha wakwe ni mahali ambapo mguu wangu hauruhusiwi, kwa hiyo nilisimama mlangoni. Mke wangu alikaa miguuni pa baba yake. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda karibu na mto, na bakuli la uji mkononi, na hakuondoka nilipofika. Siku nyingine yoyote angekuwa ametoka kwa dirisha kama hapana mlango.

Mzee alinitazama. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anayengoja mgeni ajitambulishe. Nikagusa mkanda. Hakuna kitu. Nikaugusa tena, nikautingisha ili chuma kilie, na macho yake yakaniacha, yakaenda ukutani.

Mke wangu akaanza kulia. Mimi nilikuwa bado kizingitini, sijui nirudi nyuma au niingie.

Mama mkwe akaweka bakuli chini. Akavuta leso kutoka begani, akajifunika kichwa na uso, akageukia ukuta.

"Vua," akasema.

Nikavuka kizingiti, nikafungua mkanda.