Meza ya Baba Yake Bibi

Jamani, leo Bibi kanimaliza!

Tuko familia nzima mezani kwake Chang'ombe, mie najifanya msomi. "Bibi, neno meza tulilitoa kwa Wareno, nao kwenye Kilatini. Huko lilimaanisha hata mlo wenyewe."

Bibi akacheka. "Enzi za Mwingereza, baba yangu karani alikula mezani peke yake, kimyaa. Sie na mama mkekani, sinia moja, tunacheka hadi anatugombeza.

"Siku moja akabeba sahani yake, akashuka kwetu mkekani. Hakurudi tena mezani."

Machozi yakamlengalenga. Akaomba mkeka.

Tukashuka wote, hata shemeji na suti yake. Mezani zimebaki simu tu.

Nimeinuka kuchukua yangu niwaulize nyie wa mtandaoni: kwenu meza ilikuwa ya nani?

Bibi huyo: "Wee Mreno, rudi, wali unapoa!"