Mbwa Aliyezaliwa na Nywele Zimesimama

Mama yangu alikuwa anajua mbwa, tena si kidogo. Kule kwetu Ngaremara alichunga mbuzi na mbwa tangu msichana, na angeweza kukuambia mbwa yupi atalinda na yupi atakula watoto wa mbuzi, kwa kumwangalia tu amelala. Kwa hivyo siku aliyokuja kunitembelea mtaani kwangu Bulla Pesa, mjini Isiolo, akamkuta mbwa wetu amejilaza mlangoni, kisha akarudi nyuma polepole huku anaokota jiwe, nilijua nina shida.

"Huyu amekasirika," akasema.

"Amelala, mama."

"Amelala na amekasirika. Hebu angalia mgongo."

Wacha nieleze huo mgongo, maana ndio ulioleta yote. Mbwa wa kawaida akitaka kuuma, nywele za mgongoni husimama. Kila mtu aliyelelewa na mifugo anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Ukiona nywele zimesimama hungoji kuambiwa, unaokota jiwe au unapanda mti. Sasa huyu wetu, kutoka mabegani hadi karibu na mkia, alikuwa na mstari wa nywele ulioota kinyume, ukielekea kichwani, umesimama saa zote. Akifurahi, umesimama. Akilala, umesimama. Nikimwosha kwa sabuni ya kipande nikamkausha na gunia, umesimama vilevile. Aina yake yote huzaliwa hivyo. Lakini nenda umwambie hivyo mchungaji wa Isiolo aliyeumwa mara mbili akiwa mtoto!

Alikuja kwetu mwishoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mifugo, na mzungu mmoja aliyekuwa akisimamia ng'ombe wa karantini nje ya mji alikuwa anarudi kwao. Hakuweza kwenda na mbwa. Mume wangu hakuniuliza. Aliingia jioni na kamba mkononi, na kwenye kamba mbwa mchanga mwekundu, mwenye miguu mikubwa kuliko mwili, akasema, "Nimekuletea mlinzi." Kesho yake alfajiri akaondoka kwenda Moyale. Wanaume! Analeta yeye, unalea wewe.

Mzungu alikuwa ameacha maneno. Eti mbwa hawa walikuwa wakitumiwa kusini mwa Afrika kuwinda simba, wana nguvu na wana kiburi, na usiwapige, ukiwapiga umewapoteza. Nilicheka sana. Kwetu mbwa hufundishwa na fimbo, akikosa fimbo anafundishwa na jiwe. Siku alipokula nyama ya wageni nilimchapa ipasavyo. Hakukimbia wala hakunguruma. Aligeuka akaangalia ukuta, akakaa hivyo, akanikatalia uso wake mpaka kesho yake jioni. Niliweka chakula, akaangalia ukuta. Nilimbembeleza, akaangalia ukuta. Mimi, mtu mzima, nikajikuta nimepiga magoti nyuma ya jiko nikimwomba mbwa msamaha. Ile fimbo nikaitia motoni siku hiyohiyo.

Wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Yule alikuwa na nguvu za ndama. Mara ya kwanza kumpeleka matembezi alinivuta nikapita na ua wa jirani, leso ikabaki kwenye miiba. Nilikuja kujua kwamba nguvu zake siwezi kuzishinda kwa nguvu zangu, kwa hivyo nikaacha kushindana. Akivuta, nasimama kama nguzo. Hatuendi popote. Akichoka kuvuta, kamba ikilegea, tunatembea. Watu kwenye foleni ya maji waliniona nimesimama katikati ya barabara na mbwa wangu tunaangaliana, wakasema huyu mama amepelekwa shule na mbwa. Niliwaambia hata nyinyi mngefaa kupelekwa.

Sikumpa jina. Nilikuwa nikimwita "wewe", na akawa anakuja. Nilimfundisha kukaa, na kubaki amekaa hata kuku akipita mbele ya pua yake. Nilimfunga katikati ya mbuzi wa mama mwaka wake wa kwanza ili azoee harufu yao, na mama akakesha amekaa karibu na rungu. Chakula chake kilikuwa ugali na supu ya mifupa niliyopewa buchani. Kupe nilimtoa kwa vidole, mmoja mmoja, masikioni na katikati ya vidole vya miguu, naye anafumba macho kama mzee anayenyolewa. Mwiba ukimwingia, alikuwa anakuja mwenyewe na kuniwekea mguu mapajani.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mama wa Kiborana, mtu wa dini. Mbwa hakuwa anamgusa, na akipita karibu alikusanya nguo zake asije akalambwa. Hilo nililiheshimu, nami nilimfunga mbwa upande wangu. Lakini hakumwogopa hata siku moja. "Mimi sijui mbwa," aliniambia. "Kwangu hiyo ya mgongo ni alama tu. Ng'ombe si wana alama?" Watoto wake walicheza uani na mbwa akiwaangalia, hakuna neno. Ndipo nikaona ajabu yake: wasiojua mbwa waliishi naye vizuri, na waliojua mbwa ndio waliomchukia. Na Isiolo imejaa watu wanaojua mbwa.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilimpaka mafuta ya nazi ule mstari ulale. Ulilala mpaka mafuta yakakauka. Nilimfunga kitambaa, akawa kama mgonjwa aliyetoroka wodini, na watu wakauliza nimeficha nini. Kuku akipotea mtaani, ni yeye. Mbuzi akikutwa na jeraha, ni yeye, hata kama alikuwa amefungwa mbele ya macho yangu tangu asubuhi. Nilipigana na watu kwa mdomo mpaka sauti ikanikauka. Mume wangu akirudi safari alikuwa ananiambia niwaache, watazoea. Yeye alikuwa analala siku mbili anaondoka, angejua nini?

Halafu ukaja ule mwaka wa ukame, wa mahindi ya manjano ya msaada. Mifugo ilikufa, mbweha wakaingia karibu na manyumba kula mizoga, na kichaa cha mbwa kikaingia nao. Mtoto mmoja mjini aliumwa, akafa. Baada ya hapo simlaumu mtu yeyote kwa kuogopa. Mimi pia niliogopa. Chifu aliita baraza akatangaza: kuna siku moja tu ya chanjo, pale soko la mbuzi. Mbwa atakayedungwa atafungwa kibati shingoni. Asiye na kibati atapigwa risasi, awe anazurura, awe amefungwa, awe wa nani.

Kwa hivyo nilikuwa na kazi moja tu maishani mwangu wiki hiyo, kupata kile kibati. Mume wangu alikuwa Marsabit. Jirani yangu aliniombea dua mlangoni, na watoto wake wakasimama kumuaga mbwa kwa mkono.

Tulivuka mji kwa miguu. Watu walitupisha mpaka ng'ambo ya barabara. Mtu mmoja alirusha jiwe, likampata mguuni, na mbwa wangu akaniangalia mimi. Nikamwambia twende, tukaenda, kamba imelegea. Nilijisikia fahari nakwambia, na hofu, vyote pamoja.

Sokoni kulikuwa na foleni ndefu, wachungaji kutoka Gotu, kutoka Ngaremara, kila mtu na mbwa wake kwenye kamba au waya. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, miaka yote ile. Si watu tu wanaosoma nywele za mgongo. Mbwa nao wanazisoma. Tulipofika tu, foleni nzima iligeuka. Mbwa wale waliona mwenzao mkubwa amekuja na nywele zimesimama, na kwa lugha yao hiyo ni vita. Wakabweka wote, wakavuta kamba zao, wachungaji wakanitukana kwa lugha zote za wilaya.

"Mtoe huyo! Si unaona anataka kuua?"

"Amezaliwa hivyo!" nikawaambia. "Amezaliwa hivyo, jamani!"

Nilimwambia akae. Akakaa. Mbwa wote wanapiga kelele, yeye amekaa chini ananitazama usoni, anangoja nimwambie kinachofuata.

Mbele kidogo kulikuwa na mzee aliyeleta mbwa mgonjwa akidhani sindano ni dawa ya kuponya. Mate yalikuwa yanamtoka mbwa yule, miguu ya nyuma inamlegea. Kwa zile kelele alikata kamba. Alipita mbwa wengine wote, akaja moja kwa moja kwa wangu, akamwuma begani. Nilipiga mayowe na kuvuta kamba. Wangu alisimama, akajitikisa mpaka yule akaanguka, nikasema "kaa", na akakaa tena, damu inamtoka. Hakumwuma mwenzake. Watu wakammaliza yule mbwa mgonjwa kwa mawe.

Mpaka leo kuna watu huniuliza kwa nini sikumwachilia akimbie. Ningemwachilia aende wapi?

Daktari wa mifugo alikuja mbio. Alikuwa kijana mpole, amechoka, shati limemlowa. Kwanza aliniambia ninawe mikono kwa sabuni, akasimama kuhakikisha nimenawa mpaka kwenye viwiko. Kisha akaniambia mbwa wangu hatapata sindano.

"Daktari, hajauma mtu. Ameumwa yeye."

"Mama, ndiyo sababu."

Alinieleza taratibu. Sindano ni ya kumkinga ambaye hajaumwa. Huyu ameumwa na mbwa mwenye kichaa, mbele ya macho yetu wote, na hajawahi kudungwa. Sheria ni kumuua, ama kumfungia peke yake miezi mingi mahali ambapo hakuna mtu wala mnyama atamkaribia. Akaniuliza ninaishi wapi. Nikamwambia ploti ya kukodi, Bulla Pesa. Akauliza kama uani kuna watoto.

Akilini niliwaona wale watoto wa jirani wakipunga mkono. Nikamwambia wapo. Ukiuma unauawa, ukiumwa unauawa. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo, na mimi nilikuwa nimemleta kwenye mtego mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu nilitii tangazo.

Askari tawala aliyekuwa na bunduki alikuwa mtu wa kwetu, Mturkana wa makamo. Alikataa kukaribia.

"Mama, mpeleke wewe nyuma ya ukuta," akasema. "Angalia mgongo wake. Nikishika hiyo kamba atanirukia."

"Amezaliwa hivyo, afande."

"Sawa, mama. Mpeleke tu."

Nikampeleka. Nani mwingine angempeleka? Hakuna mtu pale sokoni aliyekubali kushika ile kamba. Alitembea kando yangu vizuri kuliko siku zote, anachechemea kidogo, labda akidhani tumemaliza na tunarudi nyumbani. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kigingi cha kufungia ng'ombe. Nilimfunga hapo. Nilitaka kumwambia jambo, lakini maneno yote niliyomfundisha yalikuwa ya kumwamuru, sikuwa na hata moja la kumuaga. Nikamshika masikio. Askari akaniambia nisogee, nikasogea, mbwa akataka kunifuata, kamba ikamzuia.

Risasi ilikuwa moja. Nilikuwa nimegeukia ukuta.

Niliposikia hatua nikageuka. Askari alikuwa amemkaribia, amemgusa kwanza na mtutu wa bunduki, kisha na buti. Halafu akachuchumaa. Akapitisha kiganja mgongoni kutoka mabegani kwenda mkiani, zile nywele zikalala, alipoondoa mkono zikasimama. Akapitisha tena, taratibu, zikasimama tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, kama mtu anayepapasa nguo dukani. Bunduki akailaza chini.

"Kumbe zimeota hivi," akasema.

Alibaki amechuchumaa pale, mkono uko mgongoni mwa mbwa wangu, akiniangalia anangoja nimwambie si neno, hakujua. Sikumwambia.