Mafunzo ya Kutosema Shhh

Mkuu wetu wa maktaba pale Jinja, Uganda, alipotafuta mtu wa kwenda Mbale kwenye mafunzo ya kuwasaidia wasomaji wenye msongo wa mawazo, alinichagua mimi, na wenzangu wakacheka mpaka wakashika meza. Mimi ndiye mnyamazishaji. Mtu akipiga chafya mara ya pili, namtolea macho.

Lakini nilikwenda kwa moyo wote kwa ajili ya mzee mmoja wa mtaa wa Walukuba, askari magereza mstaafu. Sote tulimwita Afande. Tangu amzike mkewe, alikuwa akija kila asubuhi, anachukua kitabu cha ufugaji wa kuku, anakaa dirishani bila kugeuza ukurasa mpaka tunafunga. Siku nyingine aliongea peke yake. Wasomaji walinung'unika, na mkuu akaniambia wazi kwamba akiendelea hivyo atamfungia mlango. Nilimpenda yule mzee. Nilitaka abaki.

Mkufunzi wetu Mbale alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, dada mchangamfu. "Leo mimi ni msomaji mwenye huzuni," akasema. "Nihudumieni." Akajifunika uso, akaangua kilio cha matanga hasa.

Ukumbi mzima wa wakutubi tukasema kwa pamoja: "Shhh!"

Hatukukusudia, kidole kilikwenda mdomoni chenyewe. Muuguzi akafungua jicho moja, akaanza upya. Safari hii mwenzetu wa Buwenge alimwinamia kwa huruma, akamwuliza kama ana kadi ya uanachama. Mara ya tatu tulijitahidi, ila tulinong'ona wote, asisikie neno. Chai ilipofika, nadhani maskini alikuwa akilia kweli. Alituaga kwa wasia mmoja: mwenye huzuni mwulize hali, kisha funga mdomo wako, si wake.

Niliporudi kazini nilivuta kiti kando ya Afande. "Afande, habari ya nyumbani?"

Nilisahau kwamba mtu aliyepanga wafungwa mistari maisha yake yote hana sauti ndogo.

"Madamu!" akanguruma, vioo vikatetemeka. "Nyumba iko kimya sana! Bibi yangu alikufa. Sasa hakuna mtu naambia mimi toa viatu!"

Nikafunga mdomo. Uliniuma kama jino.

"Hapa pia iko kimya," akaendelea, machozi yakimtiririka. "Lakini kimya ya hapa iko na watu!"

Nilimwonea uchungu, nami nikaanza kulia. Hapo wanafunzi wa meza ya nyuma wakafanya vile nilivyowazoeza mwenyewe: "Shhh!"

"Nyamazeni nyinyi!" nikapiga ukelele ambao maktaba ile haijawahi kuusikia. "Mtu anazungumza!"

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mkuu akatoka mbio kumsaka mpiga kelele, macho yakaenda moja kwa moja kwa Afande. Afande akajifuta uso, akaweka kidole mdomoni, akanigeukia mimi.

"Madamu, pole pole," akanong'ona. Kumbe anaweza! "Watu nasoma."

Mkuu akacheka bila kupenda. "Afande," akasema, "kesho ukija, kaa karibu na huyu umchunge."

"Ndiyo, bwana," akajibu Afande. Kisha akageuza ukurasa, tukasoma pamoja habari za kuku wanaokataa kutaga.