Chumba cha Mama Yake, Bwera

Mume wangu hakutaka kabisa habari za televisheni. Ni dereva wa lori. Anapeleka saruji na mabati ng'ambo ya mpaka, Kongo, anarudi na mbao, na kwa muda wote wa ndoa yetu ameijua nyumba yetu ya Kasese kama mahali pa kuoga, kula, kulala na kuondoka. Mimi nauza vitenge sokoni. Wakati ninaousimulia, lori lilikuwa gereji, injini imefunguliwa na kutandazwa kwenye turubai, naye alishinda nyumbani akizunguka kama mgeni asiyejua akae wapi. Ndipo niliposikia redioni kwamba kuna kipindi kinatafuta watu wa upande wetu.

Kipindi chenyewe kilikuwa rahisi kueleweka. Mtu na mkewe wanapewa chumba kimoja katika nyumba ya watu wasiowajua, na wale wengine nao wanapewa chumba katika nyumba yao. Kila upande unapaka rangi na kupamba unavyoona wenyewe, na mwenye nyumba haruhusiwi kuchungulia mpaka kazi iishe. Televisheni inatoa rangi, vitambaa na fundi seremala. Mwisho, wenye nyumba wanaingizwa wamefumba macho, kamera ikisubiri sura zao.

"Niwape funguo watu nisiowajua," mume wangu akasema, "kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sebule yetu imekuwa stoo ya saruji."

Hakuweza kubisha, maana wakati huohuo mifuko ya saruji ilikuwa nyuma ya kochi alilokalia. Akatoa masharti yake: chumba chetu cha kulala kisiguswe, nami nisionyeshwe bila mtandio. Watu wa kipindi wakakubali yote kwenye simu, haraka haraka, na baada ya hapo hakuwa na pa kutokea.

Tulikutana na wenzetu Kinyamaseke, kwenye mkahawa wa barabarani, ili tubadilishane funguo mbele ya kamera. Walikuwa watu wa Bwera. Bwana alikuwa mkulima wa kahawa, mrefu, mwenye sauti nzito ya kwaya. Mkewe alikuwa akiuza samaki wakavu katika soko la mpakani. Bwana alitusalimu "Wabukire," na mume wangu akamjibu kwa Lukonzo bila kusita, kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa mtu wa Bugoye, wanakozungumza lugha hiyo. Hilo lilimfurahisha yule bwana, wakaanza kuulizana koo.

Mkewe akanivuta kando, karibu na masufuria.

"Mama, walisema tutoe sebule. Sasa bwana yangu amebadilisha. Ametoa chumba ya mama yake."

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Alikufa. Tangu tulimuzika, hakuna mutu anaingia mule. Nikisema tutoe vitu, ananyamaza. Ndo amewapa nyinyi."

"Anataka vitu vyake tuvifanyeje?"

"Hajasema. Na mimi naogopa kumuuliza."

Hakuna aliyekuwa ametuambia hayo. Nilimtazama bwana wake akicheka na wangu juu ya soda, nikashindwa kumwona kama mtu aliyefiwa.

Bwera tulifika kukiwa na jua kali. Nyumba ilikuwa ya matofali, imepigwa plasta vizuri, na uani kahawa ilikuwa imeanikwa. Mpiga kamera alitangulia, mume wangu akafungua kile chumba kwa ufunguo tuliopewa. Kulikuwa na giza. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari. Macho yalipozoea, niliona kitanda cha chuma, blanketi zilizokunjwa juu yake, sanduku la bati, vibuyu, jembe la mpini mfupi, na fimbo ya kutembelea. Sare ya akina mama wa kanisa ilining'inia kwenye msumari. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu vya plastiki, bado vina udongo mkavu wa shambani.

Mwongozaji wa kipindi alikuwa kijana kutoka Kampala, mpole, lakini mwenye haraka.

"Sawa," alisema. "Mtoe vitu vyote, mvirushe pale uani, kimoja kimoja. Haraka haraka. Watu wanapenda kuona hivyo."

Mume wangu hakusogea. "Hivi vitu vina mwenyewe."

"Lakini mzee, mwenyewe amekufa."

"Ndiyo maana."

Kisha akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango, akavua kofia, akaiweka gotini. Mwongozaji akanitazama mimi. Mimi nikatazama kahawa. Yule kijana akatoka kwenda kuwapigia simu wakubwa wake, na kamera ikaendelea kumpiga mume wangu akiwa amekaa tu.

Nilikwenda kukaa karibu naye. Nilitaka kumwambia kwamba tumekubali kazi ya watu na hatuwezi kuwaaibisha. Kabla sijafungua mdomo, akasema, "Mimi nilikuta kitanda kimeshakunjwa."

Nilijua alichokuwa akikizungumzia. Mama yake alipofariki kule Bugoye, yeye alikuwa ng'ambo, mbali kuliko Beni, barabara imekatwa na mvua na malori yamepanga mstari kwenye matope. Tulimzika mama siku ileile, kama desturi yetu ilivyo. Yeye alipofika, arobaini ilikuwa bado, lakini dada zake walikuwa wameshafua, wameshagawa, na chumba kimeshafagiliwa. Walifanya vema. Hata mimi nilisaidia kufagia. Yeye aliingia, akatoka, akaomba maji ya kunywa, na sijawahi kumsikia akilisema jambo lile tena.

"Nilitafuta hata kanga yake moja," akasema pale kizingitini. "Ninuse tu. Hakuna. Halafu huyu anataka nivirushe."

"Basi tusivirushe."

"Tutavitoa polepole," alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikibisha. "Na tutavipangusa."

Ndivyo tulivyofanya. Niliomba mkeka kwa jirani, bibi mmoja mzee ambaye tayari alikuwa amesimama kwenye ua wa migomba akitutazama, nikautandika kivulini. Mume wangu alikuwa akitoa kitu, ananipa, mimi napangusa, naweka. Bibi akaja kukaa nasi bila kualikwa, akawa anatueleza kila kinachotoka. Kibuyu hiki aliletewa na mkwewe. Sanduku hili alikuja nalo siku alipoolewa. Na lile dirisha lilipigiliwa misumari wakati wa waasi, watu walipokuwa wakilala na viatu miguuni; vita vikaisha, ila hakuna aliyekumbuka kuling'oa. "Na yeye alipenda mwanga," bibi akasema. "Alikuwa anachambua maharage huku inje kwa sababu ndani iko giza."

Fundi seremala alikuwa akisikiliza. Alichukua nyundo, akaenda kung'oa misumari. Dirisha lilipofunguka, vumbi lilijaa chumba kizima, tukatoka nje tukikohoa. Mwongozaji alikuwa amerudi kutoka kwenye simu yake. Alikuwa amenuna, lakini alipotuona tukihangaika na lile sanduku zito, alishika upande mmoja akatusaidia kulitoa.

Sijawahi kufanya kazi na mume wangu kama tulivyofanya kazi kwenye chumba kile. Nyumbani, yeye anafika mimi niko sokoni, mimi narudi yeye analala, halafu anaondoka. Watoto tumewalea hivyo, wamekua, wamekwenda. Sasa tulikuwa ndani ya kuta nne, mimi napiga msasa, yeye amepanda meza anapaka dari, rangi inamdondokea kofiani. Hakujua kushika brashi. Aliikamata kama mtu anayeosha tairi.

"Unachora mistari," nikamwambia.

"Wapi mistari? Wewe pangusa huko chini."

Tuligombana juu ya rafu, tukagombana juu ya pazia. Mimi nilitaka kuta nyeupe tupu. Yeye alitaka sehemu ya chini iwe ya kijani kibichi, kwa sababu ukuta wa Bwera utachafuliwa tu na matope. Alishinda, na alikuwa na haki. Mchana tulikula mihogo na samaki uani, mikono yetu ina madoadoa, na bibi wa jirani akamwuliza kama mimi ni mke mpya, kwa jinsi tulivyokuwa tukibishana. Mume wangu akacheka sana. Nami nikacheka, ingawa swali lile lilinikaa kichwani siku nyingi.

Kitanda tulikirudisha, tukakipaka rangi na kukigeuza kielekee dirishani. Sanduku tukaliweka miguuni pake. Fimbo tuliisimamisha kwenye kona. Sare ya kanisa nilitaka kuihifadhi sandukuni, lakini mume wangu alisema tuirudishe palepale kwenye msumari, uamuzi si wetu. Viatu navyo alivirudisha chini ya kitanda kwa mkono wake.

Siku ya kufungua, wenyewe walikuja na gari la kipindi. Mwongozaji alikuwa ametuambia mapema kwamba bwana atalia, na kwamba tusimwingilie. Bwana hakulia. Aliambiwa afumbue macho, akafumbua, akapita kitanda, akaenda moja kwa moja dirishani. Akalisukuma, likafunguka. Akalivuta, likajifunga. Akalisukuma tena.

"Kumbe hii ilikuwa inafunguka?"

Kisha akageuka, akatazama chini.

"Viatu vyake?"

"Vipo chini ya kitanda," mume wangu akamjibu. "Hatukuosha udongo."

Bwana akainama kuviangalia, akakaa kitandani. Mpiga kamera akasogea karibu zaidi. Bwana akanyoosha kiganja. "Mutoke kidogo," akasema. Sauti yake nzito haikupanda, lakini wote tulitoka, hata mkewe, hata mwongozaji. Mume wangu naye alikuwa anatoka, yule bwana akamshika mkono akambakiza.

Sisi wanawake tulikaa barazani. Mkewe alikuwa akitafuna karanga moja moja bila kuzitazama. "Ningemufungulia dirisha mimi mwenyewe," akasema. "Miaka hii yote. Sikujua." Nikamwambia kwamba hata sisi hatukujua kama mama alipenda mwanga, ni bibi wa jirani aliyetuambia. Hatukusikia walichozungumza mle ndani, na mume wangu hajanieleza mpaka leo. Walipotoka, bwana alikuwa amebeba ile sare, imekunjwa vizuri. Akampa mkewe. "Peleka kwa wamama ya kanisa," akasema. "Wasingya," akatushukuru sisi, na akaenda kugeuza kahawa yake.

Kesho yake ikawa zamu yetu, Kasese. Nilifumbua macho katika sebule yenye rangi ya papai lililoiva. Kuta zote. Saruji haikuwepo, walikuwa wameihamishia jikoni. Ukutani kulikuwa na rafu ndefu, na vitenge vyangu vya akiba vimepangwa humo kwa rangi, kazi ambayo lazima yule mama wa samaki aliifanya kwa mikono yake, kwa sababu mikunjo ilikuwa ya mtu anayejua soko. Katika kona moja waliacha nafasi tupu na kutandika mkeka mpya.

"Hapa mutaswali," mama akasema, akiwa na wasiwasi kidogo. "Tuliuliza jirani yenu mahali munaelekeaga."

Mume wangu akautazama mkeka. "Jirani aliwaonyesha wapi?"

"Pale." Akaonyesha. Ulikuwa upande ulipo msikiti wa mjini. Jirani yetu, mtu wa kanisa pia, alidhani Waislamu huwa wanaelekea msikiti ulio karibu.

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta, na rangi ikamganda kiganjani kwa sababu haijakauka. Wale wawili walishtuka, kisha tulipowaeleza wakacheka nao, na yule bwana mrefu akapiga magoti akaugeuza mkeka mwenyewe, akimwuliza mume wangu, "Hivi? Bado? Hivi?" Kicheko hicho ndicho walichokitumia baadaye kutangaza kipindi.

Kilipotoka kwenye televisheni, chumba cha Bwera kilikatwa kikawa kifupi. Walichoonyesha zaidi ni mume wangu kakaa kizingitini, na muziki wa kuchekesha juu yake, kama mtu aliyegoma kufanya kazi. Wanawake wa sokoni walinitania kwa hilo muda mrefu. Yeye alitazama, akasema, "Wamekosa la maana," akaomba chumvi.

Ile rangi ya papai tuliivumilia, halafu tukaizoea. Wenzetu wa Bwera walitutumia kahawa msimu ulipofika, nami nilimpelekea yule mama wa samaki kitenge. Binti yao alipojifungua alikuja kulala kwenye chumba kile pamoja na mtoto.

Lakini kabla ya hayo yote, Ijumaa ya wiki ileile ya kufungua vyumba, baada ya swala, mume wangu aliniambia nivae twende Bugoye. Dada yake mkubwa ndiye aliyebaki kwenye boma la mama yao. Alitukaribisha, akaleta chai. Mume wangu akamwuliza kama kuna kanga yoyote ya mama iliyosalia. Dada akafikiri, akatikisa kichwa. Aliyogawiwa yeye ilichakaa, aliibebea watoto mpaka ikaisha. Za wengine hajui.

Nilidhani tutaondoka. Mume wangu akasema, "Basi nisimulie siku ile. Sijawahi kuuliza."

Dada yake aliniangalia mimi, kisha akamwangalia yeye. Akaanza tangu asubuhi: jinsi mama alivyoamka akiwa na nafuu, akaomba atolewe nje apate jua, akala ndizi nusu. Aliuliza kama barabara ya ng'ambo imefunguliwa. Wakamwambia bado. Akasema huyo mwanawe wa lori akifika apewe chakula kwanza, ndipo aambiwe lolote. Halafu akalala.

"Mbona hamkuniambia?" mume wangu akauliza.

"Ulifika ukaomba maji tu," dada akasema. "Tukadhani hutaki kusikia."

Mume wangu akaweka kikombe chini. Kisha akamwomba arudie tena, tangu mama alipoamka, na dada yake akavuta kigoda karibu naye, akarudia.